Mnara Uliosubiri Utepe

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi ni mtumishi mwaminifu wa serikali. Ni karani daraja la tatu katika Wizara ya Mawasiliano, Afya na Utulivu wa Wananchi, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kupoteza faili hata moja, isipokuwa yale niliyoagizwa kuyapoteza. Kwa hiyo atakayesoma maelezo haya akadhani naibeza nchi yangu, huyo ana lake jambo. Mimi naeleza tu yaliyotokea Mtaa wa Kitopeni, tena kwa mwandiko mzuri.

Nchi yetu, kwa faida ya wageni, ina desturi moja ambayo nchi nyingine zinatuonea wivu. Kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Unaweza kukijenga, ukakipaka rangi, hata ukakikalia, lakini kama mgeni rasmi hajakata utepe, kitu hicho kisheria ni hewa. Daraja la Mto Kifulu lilikamilika, na kwa miaka mitatu wananchi walipita chini yake, nguo zimekunjwa, maji kiunoni, wakiinua macho kulitazama kwa fahari. Choo cha soko kuu kilikaa miaka miwili na kufuli lake, na wenye haja wakazunguka nyuma yake kwa adabu. Mwaka ule Waziri wa Kilimo alipochelewa kuzindua masika, redio ya taifa ilitangaza ukame huku paa la studio likivuja na mtangazaji amefungua mwavuli.

Uzinduzi una kanuni zake, nami nazijua zote kwa moyo. Rangi ya utepe lazima ifanane na rangi ya kitu chenyewe. Mgeni rasmi hashuki garini kabla hajaimbiwa wimbo wa kumkaribisha. Wimbo huo huimbwa na kikundi kilichozinduliwa, si kikundi chochote tu. Na mwisho wa yote, kitu kinaandikwa katika Daftari la Uzinduzi la Taifa, ambalo natunza mimi. Ni daftari kubwa la jalada gumu, na nikilibeba kwapani watu hunipisha njia.

Sasa twende Kitopeni.

Serikali ilijenga mnara wa simu mtaani hapo, mrefu, wa kupendeza, umepakwa nyekundu na nyeupe. Kiwanja kilipatikana ubavuni mwa nyumba ya Bi Nyamizi, mjane wa makamo ambaye kila mpenda sherehe wilayani anamfahamu. Ndiye kiongozi wa Kikundi cha Kinamama cha Kitopeni, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mgeni rasmi aliyekanyaga ardhi ya wilaya ile kabla ya kuimbiwa naye. Wenzake huitikia, lakini neno "karibu" ni lake peke yake. Alikuwa akilianzia chini, analipandisha polepole, analiacha huko juu mpaka wanaume wazima wanashika kofia zao. Nilimsikia mara moja nikiwa bado kijana, kwenye uzinduzi wa mizani ya pamba, na sijamsahau.

Mnara ulikamilika mwezi wa pili, ukabaki kumsubiri Waziri. Waziri aliahidi kuja "hivi karibuni", ambayo kiofisi ni muda wowote kati ya kesho na kustaafu kwake. Antena hazikuwashwa hata dakika moja, kwa sababu kuwasha mnara usiozinduliwa ni kosa la jinai. Watu waliendelea kupanda juu ya tangi la maji la shule kutafuta mtandao, kama siku zote.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowashwa, nacho ni jenereta. Waraka wa wizara ulisema kwamba Mheshimiwa anaweza kufika saa yoyote, na akifika ni lazima akute taa nyekundu ya kileleni inawaka na chumba cha mitambo kimepoozwa na kiyoyozi, kwa kuwa Mheshimiwa hutoka jasho upesi. Nguzo za umeme zilishafika Kitopeni lakini nazo zilikuwa zinasubiri utepe wao, kwa hiyo jenereta likanguruma usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Lilikuwa jenereta kongwe la rangi ya manjano, linakunywa dizeli na kutema moshi mzito. Mafundi, kwa busara yao, walielekeza bomba la moshi mbali na chumba cha mitambo ili hewa ya Mheshimiwa isichafuke. Hapo ndipo bomba likatazamana na dirisha la Bi Nyamizi. Nilipima baadaye kwa hatua zangu, zikafika tatu na nusu.

Ilipofika mwezi wa tano, Kitopeni nzima ilikuwa inaumwa. Huyu kichwa, yule macho, wote kikohozi. Mwenyekiti wa Mtaa, Mwalimu mstaafu Ligalwike, mtu anayependa maneno makubwa kama wengine wanavyopenda nyama choma, akaitisha mkutano.

Kila mtu alishajua sababu: ni mawimbi ya mnara. Muuza vitumbua akasema tangu mnara usimame vitumbua vyake haviumuki. Fundi cherehani akasema mawimbi yanamvutia sindano upande wa kushoto. Bwana mmoja alihudhuria akiwa amevaa sufuria kichwani, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake akilisubiri, maana lilikuwa la wali.

Bi Nyamizi akanyanyuka. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Jamani, ni moshi," akasema. "Mawimbi gani? Huo mnara haujawashwa hata siku moja, mwulizeni Ngwali mlinzi. Njooni kwangu mkae dakika kumi tu. Kuta zangu nilizipaka chokaa Idi iliyopita, leo nyeusi tii. Mimi nimeimba tangu sijavunja ungo, sasa nikimwita muuza maji hanisikii."

Watu wakaguna kwa huruma. Ligalwike akatabasamu.

"Dada Nyamizi, moshi sote tunaujua. Mama zetu wamepika na moshi mpaka wamezeeka. Ukiandika wizarani kwamba unasumbuliwa na moshi, watakujibu fungua dirisha. Lakini ukiandika mionzi ya mawimbi ya sumakuumeme, dada yangu, lazima mtu avae tai aje."

"Lakini si kweli, Mwalimu."

"Kweli haina haraka. Kwanza waje."

Mkutano ukapiga makofi, na barua ikaandikwa kurasa nne bila neno moshi kutajwa hata mara moja. Bi Nyamizi alitia sahihi kama wenzake. Angefanyaje? Hapakuwa na barua nyingine.

Jibu la wizara nililiandika mimi mwenyewe, na nikisema kweli najivunia. Lilisomeka hivi: "Yah: Malalamiko Juu ya Kitu Kisichokuwepo. Tafadhali rejea barua yenu. Wizara imepekua Daftari la Uzinduzi la Taifa na haikuona mnara wowote Kitopeni. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kumdhuru mtu. Kwa barua hii mnaombwa kusitisha kuumwa mpaka tarehe ya uzinduzi itakapotangazwa. Wenu katika ujenzi wa taifa."

Badala ya kushukuru, Kitopeni wakaandika barua nyingine saba. Ya mwisho ilikuwa na neno sumakuumeme mara kumi na nne, na Katibu Mkuu alipoisoma alikaa chini. Ikaundwa Tume.

Tume ya Kuchunguza Mawimbi iliongozwa na Profesa Kilasara, msomi mwembamba ambaye hajawahi kujibu swali kwa sentensi moja. Mimi niliteuliwa kuwa karani wake. Tulifika Kitopeni na kipimo cha mawimbi kutoka ng'ambo, kimewekwa ndani ya sanduku la ngozi, na wananchi wakasimama kando ya njia kukitazama. Ligalwike alinong'ona, "Si nilisema? Tai nne."

Tuliweka meza chini ya mnara. Profesa akawasha kipimo, mshale ukalala kwenye sifuri. Akakizungusha kaskazini, sifuri. Akapanda juu ya kiti, sifuri. Tulipima hivyo siku tisa, asubuhi na jioni, nami niliandika sifuri mia moja na themanini kwa wino mweusi. Siku ya pili Tume nzima ilianza kukohoa. Siku ya tatu Profesa aliagiza meza ihamishwe upande wa pili wa kiwanja, unakotoka upepo, "kwa sababu za kitaalamu". Siku ya nne tulifunga leso puani, pia kitaalamu.

Siku ya kusikiliza mashahidi, Bi Nyamizi alikuja na kitambaa cheupe. Akakitandaza mezani mbele ya Profesa. Kilikuwa na doa jeusi katikati, kubwa kama kisahani.

"Hiki nimekianika dirishani jana asubuhi," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimekianua jana jioni. Hilo doa ndilo ninalovuta kifuani, Profesa."

Profesa alikitazama kwa makini sana. Akavua miwani, akaifuta, ikazidi kuwa nyeusi.

"Mama, ushahidi wako unagusa moyo, na kama binadamu nauona," akasema. "Ila Tume hii haioni kama binadamu. Tume inaona kwa hadidu za rejea, na hadidu za rejea zinasema mawimbi. Moshi haumo. Nikiuona moshi huu leo, nitakuwa nimevuka mamlaka yangu, na kesho mwingine ataona mbu, kesho kutwa mitaro, mwisho wake serikali nzima itakuwa inaona ovyo ovyo."

"Kwa hiyo huuoni?"

"Nauona, mama, lakini si kikazi."

Kisha akakohoa kwa muda mrefu, tukamletea maji. Nami katika muhtasari nikaandika: "Shahidi wa kumi na mbili alizungumza nje ya hadidu za rejea." Ilikuwa sentensi sahihi kabisa, lakini usiku ule sikujisikia vizuri nayo.

Ripoti ilitoka, kurasa mia mbili na sita. Ilisema mawimbi ni sifuri, mnara ni salama, na wananchi wanaumwa kwa sababu ya hofu ya kitu ambacho hakijazinduliwa. Dawa iliyopendekezwa ni kukizindua. Waziri, Mheshimiwa Dokta wa Heshima Fulgensi Barakumbi, akakubali kuja baada ya wiki mbili, na mimi nikatumwa kumwarifu Bi Nyamizi ajiandae kwa wimbo.

Nilimkuta nyumbani. Akanikaribisha, akanipa kiti kile cha dirishani, nadhani kwa makusudi. Jenereta lilikuwa likinguruma hapo nje na tukawa tunazungumza kwa kupiga kelele, mimi kwa sauti, yeye kwa kukaza mishipa ya shingo.

"Utaimba 'karibu' ile ya juu, mama," nikamwambia. "Mheshimiwa ameitaja kwa jina."

"Hebu sikiliza," akasema. Akafumba macho, akaanza. Neno likatoka chini kama zamani, likapanda hatua mbili, kisha likakatika, kikabaki kikohozi. Akajaribu tena. Mara ya tatu hakukuja kitu, ila hewa. Akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeonyesha kidonda.

Niliona aibu, sitaficha. Nikainamia daftari langu.

"Mwanangu," akasema, "hii sauti ndiyo niliyobakiwa nayo. Mume kaenda, wanangu wako mbali. Nikiingia sokoni watu hawaniiti jina, wananiita Karibu. Waambie wakubwa zako wazime hilo dude siku saba tu, nipumue. Nitawaimbia mpaka wachoke."

"Haliwezi kuzimwa, mama. Mheshimiwa lazima alikute linafanya kazi."

"Nalo likifanya kazi sitaimba. Na nisipoimba hashuki."

"Hashuki," nilikiri.

Akalitazama daftari mapajani mwangu. "Ndilo hilo lenyewe?"

"Ndilo," nikasema, na furaha ikanirudia kidogo. Nikamwonyesha: daraja, choo, mizani ya pamba, kikundi chake ukurasa wa arobaini. "Kisichoandikwa humu, mama, hakipo. Hakina mwenyewe, hakina sheria."

"Nyumba yangu imo?"

"Haimo."

"Na mimi?"

"Kikundi kimo. Wewe peke yako, hapana."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akaniomba niseme tena yale maneno ya mwisho, nikayarudia: hakina mwenyewe, hakina sheria. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kunimiminia chai.

Wizarani nilifikisha ombi lake. Kikao cha saa tano kilijadili namna ya kumrudishia sauti bila kuzima jenereta. Wazo la kuleta kikundi cha mtaa wa pili lilikataliwa kwa kuwa kikundi hicho hakijazinduliwa. Wazo la kumhamisha Bi Nyamizi kwa muda lilikataliwa kwa kuwa nyumba yake haimo daftarini, na mtu hawezi kuhamishwa kutoka mahali ambapo hapapo. Mwishowe walimtumia paketi mbili za pipi za kifua, zikiwa na mhuri wa wizara.

Siku ya siku ikafika. Kitopeni ilipendeza. Utepe wa rangi nyekundu na nyeupe ulizungushiwa mnara, turubai likafungwa, na kinamama wa kikundi wakasimama mstari mmoja, kanga zao sare, Bi Nyamizi mbele. Jenereta lilikuwa limejazwa dizeli mpaka juu kwa heshima ya siku hiyo, na likaheshimu kweli kweli, moshi ukatanda hadi kwenye viti vya wageni waalikwa.

Saa nne na nusu magari yakaingia. Gari la Waziri lilisimamishwa pale palipochorwa chokaa, ambapo kwa bahati ni mkabala na bomba. Vioo vimefungwa. Mkuu wa Itifaki, Bwana Shomvi, mtu wa suti na glavu nyeupe, akainua mkono kuashiria wimbo.

Bi Nyamizi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Bwana Shomvi akainua mkono tena, juu zaidi, labda hakuonekana. Bi Nyamizi akanyoosha kidole kuelekea jenereta, kisha akagusa koo lake. Kinamama wote ishirini wakafunga midomo wakatazama mbele.

"Imbeni basi nyinyi!" Bwana Shomvi akawanong'oneza.

"Sisi ni waitikiaji, baba," akajibu mmoja wao. "Tutaitikia nini?"

Dakika kumi zikapita, zikawa arobaini. Mheshimiwa alibaki garini. Akitaka kushuka kanuni inamkataza, na akiondoka bila kukata utepe ni mkosi wa kitaifa. Mara moja alishusha kioo kidogo ili aulize kuna nini, moshi ukaingia kabla ya swali kutoka. Kioo kikapanda. Tukamwona ndani akikohoa, gari zima likitikisika. Halafu dereva akashuka mbio akamnong'oneza Bwana Shomvi jambo, na Bwana Shomvi akawa mweupe kuliko glavu zake. Baadaye nilijua: Mheshimiwa alikuwa amekunywa madafu manne njiani, na tangu wilaya iliyopita hakuwa amepata nafasi.

"Mama Nyamizi, nakusihi," Bwana Shomvi akasema, jasho likimtiririka. "Unataka nini?"

Bi Nyamizi alimsogelea, kwa kuwa sauti yake haikuweza kufika mbali.

"Nina swali moja tu, baba. Hilo jenereta lilizinduliwa lini?"

"Lilizin..." Bwana Shomvi akageuka kunitazama mimi. Wote wakanitazama, Profesa Kilasara, Mwenyekiti Ligalwike, hata yule bwana wa sufuria.

Nikafungua daftari. Nililifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, ingawa jibu nililijua tangu siku ile ya chai, na tangu siku ile nilikuwa nikisali nisiulizwe, na pia nikisali niulizwe.

"Jenereta halimo," nikasema.

"Tafuta vizuri," akasema Bwana Shomvi.

"Nimetafuta vizuri, bwana. Mnara una nafasi yake iliyoachwa wazi. Jenereta halikuombewa utepe wala tarehe."

"Basi halipo," akasema Bi Nyamizi. "Na mtu akizima kitu ambacho hakipo, amefanya kosa gani?"

Bwana Shomvi akamtazama Profesa, Profesa akatazama juu kileleni. Kule garini, kioo kilipigwa kwa pete, mara tatu, kwa haraka.

"Hakuna kosa," akasema Bwana Shomvi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kusema sentensi fupi hivyo.

Bi Nyamizi akatembea hadi kwenye jenereta. Ngwali mlinzi alisimama kando akasema kwa sauti, ili sote tusikie, kwamba mkataba wake unamtaka alinde mnara, na kwamba hapo mbele yake yeye haoni kitu. Kisha kwa kidole cha mguu akamwonyesha swichi ilipo. Bi Nyamizi akaibonyeza.

Jenereta likatetemeka, likapiga chafya mbili, likanyamaza.

Sijui nielezeje ukimya ule. Kwa muda wa mwaka na miezi miwili hakuna aliyekuwa ameusikia. Tulisikia mtu akikuna nazi nyumba ya nne. Tulisikia mtoto analia mbali na mama yake anambembeleza. Watu walianza kusema kwa kunong'ona, kama walio kwa mgonjwa, na mmoja wa kinamama akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Bi Nyamizi alikunywa maji, akarudi kwenye nafasi yake. Akaimba. Haikuwa sauti ile ya mizani ya pamba. Ilikuwa ya chini, imechanika, na "karibu" yake haikupanda hata kidogo, ilitembea tu kwa miguu. Lakini wenzake waliipokea pale ilipochoka wakaibeba, na wilaya nzima ikasikia kila neno. Mheshimiwa alishuka kabla ya ubeti wa pili, hakumpa mtu mkono, akakimbilia nyumba ya Mwenyekiti Ligalwike. Ligalwike hadi leo huonyesha wageni choo hicho.

Aliporudi alikuwa mtu mwenye furaha. Akakata utepe, akahutubia saa moja na nusu. "Kuanzia dakika hii," alisema, "mawimbi yameanza rasmi kuwapitia wananchi bila ubaguzi!" Akabonyeza kitufe chekundu. Kwa kuwa jenereta lilikuwa limezimwa na nguzo za umeme hazijazinduliwa, mnara haukufanya lolote, lakini ilikuwa mchana na hakuna aliyeona tofauti. Tukapiga makofi. Bwana wa sufuria akalivaa tena haraka na kusema ameyasikia, yamempitia hapa kwenye paji la uso.

Baada ya wiki tatu kikohozi kiliisha Kitopeni. Macho yakapoa, vitumbua vikaumuka. Profesa Kilasara alitumwa kupima upya, akakuta sifuri ileile, na wagonjwa hakuna. Akaandika ripoti ya pili, nene kuliko ya kwanza, inayothibitisha kwamba mawimbi yaliyozinduliwa, yakitolewa kwa kiwango cha sifuri, yanatibu kifua. Ikawa habari kubwa. Mitaa kumi na mmoja imeomba mnara kwa ajili ya wazee wao. Na mtu wa Kitopeni akilalamika kwamba simu yake bado haishiki mtandao, Ligalwike humwambia kwamba mtandao umezinduliwa mbele ya macho yake, hivyo aitazame vizuri simu yake mwenyewe.

Limebaki jambo dogo la kiofisi. Mwezi uliopita afisa mmoja mwenye bidii alipita Kitopeni jioni akaona taa ya kileleni haiwaki. Akaandika dokezo kwamba jenereta liwashwe tena mara moja. Nilimjibu kwa upole kwamba halipo. Akaomba basi lizinduliwe, na ombi hilo kikanuni linaanzia kwangu.

Nilikwenda mwenyewe kukagua rangi, maana utepe lazima ufanane na kitu. Zamani lilikuwa la manjano, lakini mimi huandika ninachokiona kikazi, na nilichokiona ni masizi. Niliandika: jeusi. Stoo ya wizara ina tepe za rangi kumi na saba. Nyeusi hakuna, kwa sababu huagizwa tu taifa likiwa katika maombolezo, na kwa sasa, namshukuru Mungu, viongozi wote ni wazima.

Kila Ijumaa Bi Nyamizi huja wizarani na chupa ya chai ya tangawizi. Hukaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, hunimiminia kikombe, hujimiminia na yeye. Ijumaa iliyopita aliuliza kama anavyouliza siku zote.

"Utepe umepatikana, mwanangu?"

"Bado, mama. Stoo hawana."

"Basi tuvute subira," akasema.

Alipofika mlangoni alisimama, akatazama huku na huku kama korido ina watu, kisha akajaribu. "Karibu" ikaanzia chini, ikapanda, ikapita pale ilipokatikia Ijumaa ya nyuma, ikapanda tena hatua moja, ndipo ikapasuka. Makarani wa vyumba vya jirani walitoa vichwa nje. Bi Nyamizi akacheka, akajifunga kanga vizuri, akashuka ngazi.

Nami nikachukua faili la jenereta, nikaangalia kwamba kila kitu kimo isipokuwa sahihi yangu, nikalirudisha droo ya chini kabisa.